Nilivyokwama Juu ya Jiwe la Majimbo Matatu Mbele ya Mama Mkwe

Sasa naweza kucheka kwa sababu nimepona, lakini nisiwadanganye, kwa muda mrefu nilikuwa nikiikumbuka siku ile nikiwa kwenye foleni ya duka, najikuta nimefumba macho na kusema "aaai!" kwa sauti mpaka watu wananigeukia. Wenzangu huaibikia mtaani kwao, mambo yakaisha. Mimi niliaibikia majimbo matatu kwa wakati mmoja, makalio yakiwa juu (samahani, hakuna namna nyingine ya kulisema), mbele ya mama mkwe wangu, mbele ya kundi la wazee wa pikipiki ambao sikuwajua, na mbele ya ukoo mzima wa mke wangu kule Bungoma waliokuwa wakitazama kwa simu.

Ngoja niwaeleze polepole.

Naitwa Wafula, nakaa Coon Rapids, jimbo la Minnesota huku Marekani, na mke wangu Nekesa. Nafanya kazi hospitalini, na kazi yenyewe, tafadhali msicheke bado, ni kuwafundisha wahudumu wapya namna ya kumwinua mgonjwa bila kujiumiza mgongo. Ndiyo. Mimi ndiye yule mtu anayesimama mbele ya darasa na kurudia "kunja magoti, si kiuno" mpaka povu linamtoka. Nekesa yeye yuko ofisi moja huko Golden Valley, na wakati huo alikuwa na mimba yetu ya kwanza, ndiyo sababu mama yake alikuja kutoka nyumbani kukaa nasi.

Sasa lazima mwelewe habari ya mkwe. Kwetu sisi Wabukusu mwanamume na mama ya mke wake hawashikani mikono, hawakai kochi moja, na ukimwona anakuja njia hii wewe unakata ile. Si chuki, ni heshima, na kule nyumbani ni rahisi kwa sababu yeye ana boma lake na wewe una lako. Lakini jaribu kuifuata heshima hiyo ndani ya nyumba ndogo ya Coon Rapids yenye bafu moja! Nilikuwa nikitoka shifti nakaa ndani ya gari kwenye gereji mpaka Nekesa anitumie ujumbe "njia iko wazi". Chakula nilikula jikoni nimesimama. Tukitaka kuongea tulipitia kwa Nekesa, hata kama sote tuko chumba kimoja.

"Mwambie mume wako ugali unapoa."

"Mwambie Mama nashukuru, nakuja."

Na Nekesa katikati, mkono kiunoni, "Jamani, si mmesikizana?"

Kilichonisumbua ni kwamba mama huyu hakuwahi kuniona kabla ya safari hiyo. Tulifunga ndoa huku Minnesota, yeye akanyimwa viza, akaitazama harusi ya binti yake kwa simu iliyokuwa ikikatikakatika. Kwa hivyo kwake mimi nilikuwa sauti tu, mtu fulani aliyemchukua mtoto wake upande wa pili wa dunia. Nilitamani sana aondoke akijua mwanawe yuko mikononi mwa mtu. Lakini utajulikanaje na mtu ambaye hutakiwi hata kumtazama usoni?

Tulimpeleka kuona maziwa, akasema ni maji. Tukampeleka lile duka kubwa lenye bembea ndani, akasema ni soko. Maporomoko ya Minnehaha pia akasema ni maji, ila haya yanashuka. Halafu jioni moja akamwambia Nekesa, "Muulize mume wako, huku kuna mahali mtu anaweza kuona majimbo yakipakana? Kwa macho?" Kumbe mama alikuwa mwalimu wa jiografia kabla ya kustaafu, miaka na miaka anachora mipaka ya nchi za watu ubaoni kwa chaki, na mpaka pekee aliowahi kuukanyaga ni ule wa Malaba, kati ya Kenya na Uganda.

Mimi moyoni nikaruka. Hatimaye swali ninaloliweza! Nikatafuta kwenye simu, nikaona kuna jiwe kule kona ya kusini magharibi kabisa, mahali Minnesota, Iowa na South Dakota zinapokutana. Ni mbali, unaendesha gari nusu ya siku kwenda, lakini Nekesa alisema daktari amemruhusu mradi tusimame kila mara anyooshe miguu, na mama akasema (kupitia kwa Nekesa) kwamba ameshatoka Bungoma mpaka hapa, hawezi kutishwa na gari lenye kiyoyozi.

Asubuhi ya safari Nekesa akaniambia nivae suruali ya mpira, ile ya kupumzikia. Nikakataa. Mtu anasafiri na mkwe wake amevaa kama anaenda kulala? Nikavaa suruali yangu ya kaki ya wakati wa uchumba, nikavuta tumbo, kifungo kikakubali kwa shida. Tukatoka, tukapita Mankato, tukapita Worthington, mama kiti cha nyuma na kikapu chake cha maandazi, mimi nimekigeuza kioo cha ndani kidogo nisije nikagongana naye macho (msijaribu, si salama), na Nekesa akipeleka salamu mbele na nyuma kama posta.

Barabara ya lami ikaisha, tukaingia ya changarawe, kulia mahindi na kushoto soya. Tukafika njia panda, na jiwe lilikuwa pale. Mlitarajia nini, mnara? Hata mimi. Lilikuwa nguzo fupi tu, imepita goti kidogo, imesimama peke yake, na upepo. Nikafikiri, basi, nimempoteza mama wa watu siku nzima kwa ajili ya kigingi.

Lakini mama alishuka, akalizunguka jiwe polepole, akapitisha vidole kwenye herufi zilizochongwa, akatazama kila barabara.

"Polisi wako wapi?" akauliza, na safari hii sijui alikuwa akimuuliza nani. "Malori yako wapi? Wa kubadilisha pesa je?"

"Hakuna, Mama," Nekesa akasema. "Unavuka tu."

"Tu?"

Akavuka. Akarudi. Akavuka tena, akarudi, akainua kidogo leso aliyojifunga kiunoni asijikwae, na hapo akacheka, kicheko cha mtoto, na mimi sikuwa nimewahi kukisikia tangu afike. Akatoa simu akawapigia watu wa nyumbani kwa video, na kwao ilikuwa usiku, baada ya chakula, wote wamejaa sebuleni kwa Mjomba Simiyu. Akawaonyesha jiwe, akawaonyesha mahindi, akawafundisha kabisa, "Hapa ni Iowa, huku South Dakota, kule tulikotoka ni Minnesota." Na Mjomba Simiyu akauliza, "Sasa mtu anaweza kuwa kote kwa wakati mmoja?"

Ningenyamaza. Au ningeweka kidole juu ya jiwe, nikasema ndiyo, tukala maandazi. Lakini nilikuwa nimesikia kile kicheko, nikataka kingine, nikasema, "Nekesa, mwambie Mama atazame hapa."

Nikalikabili jiwe, nikatanua miguu, wa kushoto nikauweka South Dakota, wa kulia Iowa, nikainama juu ya jiwe mpaka viganja vikagusa changarawe ya Minnesota upande wa pili, tumbo limekaa juu ya nguzo. Nikainua kichwa nitabasamu kwa picha. Kwanza nikasikia suruali, kraaaa, kutoka kwenye mkanda mpaka mahali ambapo sitapataja. Nikashtuka, nikataka kusimama haraka, kwa kiuno, si kwa magoti. Mgongo ukakamata.

Wale waliowahi kukamatwa na mgongo wanajua. Si maumivu ya kusema "aa, naumwa", ni kama mtu amekukaza bolti ndani, na ukijaribu kusogea hata kope anakaza tena. Nikabaki nimening'inia juu ya lile jiwe kama blanketi lililoanikwa, na upepo wa majimbo yote matatu unapita mahali suruali ilipokuwa.

"Nekesa," nikasema, sauti imekuwa nyembamba. "Siwezi kuinuka."

Mama kwa heshima yake alikuwa amegeuka papo hapo, akatazama mahindi asinione. Alifanya vyema, isipokuwa kitu kimoja: mkono wenye simu ulibaki nyuma, na kamera ya simu ikawa imenielekea mimi barabara. Nikasikia sauti ya Mjomba Simiyu, "Mbona mkwe amelala juu ya jiwe? Anaomba?" Na shangazi mmoja, "Nguo yake imefanya nini hapo nyuma? Jamani, Mama Nekesa, geuza simu!" Mama, kwa kuwa hakuona kitu, akaigeuza ubavu tu, kisha ikanikaribia zaidi. Bungoma ikapiga kelele.

Nekesa alikuwa akicheka na kulia pamoja, akaja akanipitishia mikono chini ya kifua aninyanyue, na mimi hapo nikasahau aibu kabisa nikamfokea, "Usiniinue! Nekesa, toka, una mtoto tumboni! Heri nikae hapa mpaka kesho!" Akaniachia. Akapiga nambari ya dharura, akaweka simu kwenye spika, na mama mmoja mpole akapokea akauliza tuko jimbo gani.

"Mimi niko Iowa," Nekesa akasema, "lakini mume wangu yuko kote."

"Samahani dada, rudia?"

"Mikono iko Minnesota. Mguu mmoja South Dakota, mwingine Iowa."

"Na tumbo?"

"Liko juu ya jiwe."

Yule mama wa simu akauliza kwa upole kabisa, "Kichwa je?"

"Minnesota."

"Sawa. Tufuate kichwa. Nawatumia watu, lakini wako mbali kidogo, msimsogeze kwa nguvu."

Ni wakati huo huo niliposikia ngurumo. Pikipiki, zile kubwa, nyingi, zikaja na vumbi lake zikasimama pembeni, wakashuka wazee wenye ndevu nyeupe na majaketi ya ngozi, na mama mmoja mwenye msuko mrefu wa mvi. Walikuja kupiga picha na jiwe. Wakaniona nimeinama pale, wakapanga foleni. Kweli tena! Wakasimama kwa adabu zao, helmeti mkononi, na mmoja, jitu la mtu, akaniambia, "Chukua muda wako ndugu, hatuna haraka."

Nikamjibu asante. (Ningesema nini?)

Baada ya muda yule mama wa msuko akainama, akanichungulia usoni. "Hii si picha, sivyo?"

"Hapana," nikasema. "Ni mgongo."

Nikaona kivuli. Kisha nikasikia kitambaa kikinishukia kiunoni, kizito, kikanifunika vizuri mpaka miguuni, na kilikuwa na harufu ya nyumba yetu na mafuta ya maandazi. Ilikuwa leso ya mama mkwe.

"Wafula," akasema.

Hakuwa amewahi kuniita jina. Nikabana macho. "Nekesa," nikasema, "mwambie Mama nasikia."

"Nekesa nimemtuma garini akakae. Nijibu mimi."

"Nasikia, Mama."

"Ni wapi?"

"Kiuno. Upande wa kushoto."

Na mkono wake ukatua hapo hapo. Mkono wa mama mkwe, mgongoni mwangu! Nikajaribu kusema, "Mama, lakini mila..."

"Mila nitaongea nayo mimi nikifika nyumbani. Pumua. Tena. Sasa niambie, hao wanafunzi wako unawafundisha nini siku mtu kama wewe ameanguka?"

Nikamwambia. Ndugu zangu, nilifundisha somo langu lote nikiwa juu ya jiwe, kichwa chini, naeleza kwa Kiswahili, na mama anasimama wima anaweka shali yake sawa na kuwatafsiria wale wazee kwa Kiingereza cha darasa la saba, kile cha fimbo mkononi. Wawili mabegani, wawili kwenye nyonga, mmoja ashike kichwa, asiyeshika kitu anyamaze. Yule jitu akainama vibaya, na mama akamkemea, "Wewe! Kunja magoti, si kiuno! Unataka tuwe na wagonjwa wawili?" Mzee wa watu akakunja magoti, "Yes, ma'am," na wenzake wote wakakunja.

"Kwa pamoja," mama akasema. "Polepole kama yai."

Wakaninyanyua kama yai. Niliuma midomo, sikupiga kelele, au labda nilipiga moja. Wakanilaza kwenye blanketi zao walizokuwa wamefunga nyuma ya pikipiki, chali, magoti juu, na anga yote ikawa juu yangu, na kwa mara ya kwanza nikauona uso wa mama mkwe wangu kwa karibu. Alikuwa na jasho. Alikuwa na hofu pia, na mimi kwa sauti yake nilidhani ni hasira.

Mama mmoja mkulima akaja na pikapu lake akakuta njia panda imejaa, akauliza, akaondoka mbio akarudi kutoka kwake na mfuko wa mahindi ya kwenye friza, akauingiza chini ya kiuno changu. "Ni ya shamba hili hili," akasema. Wazee wakasimama wakinikinga jua kwa majaketi yao. Mama akafungua kikapu, maandazi yakazunguka, na yule wa msuko akala matatu akauliza yanapikwaje. Wahudumu wa ambulensi walipofika walitukuta tukila kama watu wa hafla. Wakanipima miguu, wakanigusa vidole, wakasema ni misuli imejikaza tu, hakuna mshipa ulioguswa, nikalale nyumbani na nimwone daktari. Walimpongeza aliyenishusha, wakamuuliza yule jitu kama amesomea, naye akamnyooshea mama kidole.

Kabla ya kuondoka wazee walipiga picha yao ya jiwe. Wakasisitiza na sisi tuwemo. Mimi nimelala mbele, nimefungwa leso, mama amesimama katikati ya majaketi ya ngozi kama mwalimu mkuu. Walininyanyua tena mpaka kiti cha nyuma cha gari, wakafunga mlango taratibu, wakaondoka. Sikuuliza majina yao. Hilo linaniuma kuliko hata suruali.

Nekesa aliendesha, mama akahamia mbele, mimi nikalala chali huko nyuma nikitazama paa la gari. Nikadhani basi, imeisha, ataenda kuwaambia wenzake kwamba binti yake ameolewa na kichekesho. Tulipokaribia Mankato akageuka kwenye kiti, akanitazama bila kupitia kwa mtu.

"Wafula. Nilikuja huku na swali moja," akasema. "Nilikuwa nakuangalia, lakini wewe kila siku unajificha gerejini. Ningekujuaje?"

"Nilikuwa naheshimu, Mama."

"Najua. Na mimi nilikuwa naheshimu. Tungeheshimiana hivyo mpaka nipande ndege. Leo nimekusikia ukimwambia asikuinue. Nilikuwa nimegeuka, sikuona kitu, lakini nilisikia. Ulikuwa na maumivu hayo yote, nguo imepasuka, watu wanakucheka, na ukasema heri ukae hapo mpaka kesho. Basi. Swali langu limejibiwa."

Nekesa akaanza kupangusa macho na mkono mmoja, na mama akamwambia ashike usukani kwa mikono miwili.

Nililala kitandani siku kadhaa. Kila asubuhi mama alibisha mlango, akaniletea uji mwenyewe, akakalia mkeka wa Nekesa karibu na dirisha, tukaongea. Alinieleza jinsi alivyomlea Nekesa peke yake baada ya mumewe kufariki, na mimi nikamweleza mambo ambayo sijawahi kumweleza mtu huku. Kule Bungoma mashangazi walisema lazima jambo hili litengenezwe kimila kabla mkwe na mkwe hawajaonana tena, na mama akasema sawa, litatengenezwa, yeye mwenyewe atalisimamia, na mtu asimletee haraka. Kumbe kule mtu aliirekodi ile simu ya video, na jitihada za kuifuta hazikufaulu. Naambiwa kuna binamu hutumia picha yangu kama kibandiko cha simu cha kutakia watu Jumapili njema.

Kwa hivyo msinionee huruma. Nimeapa sitainama tena kwa ajili ya picha, hata ikiwa ni picha ya pasipoti, na darasani kwangu siku hizi nasema "kunja magoti" kwa upole zaidi, kwa sababu sasa najua ilivyo kuwa upande wa chini, ukiomba Mungu tu anayekushika asikuachie. Nawashukuru wale wazee popote walipo, na yule mama wa mahindi, na yule wa simu aliyefuata kichwa.

Mama alirudi nyumbani kabla ya theluji. Mtoto akazaliwa, msichana, mzima kabisa. Siku hiyo nilitoka wodini nikasimama kwenye korido nimpigie bibi yake, na kabla sijabonyeza jina lake, simu yangu ikalia. Alikuwa ameruka simu ya binti yake, akapiga yangu.

"Wafula," akasema, "nielezee wewe."

Nikamweleza, mimi mwenyewe, bila kupitia kwa mtu.